Zege Lisiloshika Kutu

Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ameenda msibani.

"Msiba wa nani?" Inspekta aliuliza.

Karani alitazama dari. "Wa shangazi yake."

"Jana mlisema mjomba."

"Huyo alikuwa wa jana, mama."

Inspekta aliweka mkoba wake juu ya kaunta ya yadi ya manispaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na kituoni walimwita Bi Rudia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza jambo mara moja likaisha. Hii ilikuwa mara yake ya tatu mbele ya kaunta ile tangu Jumatatu. Siku kumi zilikuwa zimepita tangu daraja la waenda kwa miguu, lile la juu ya barabara kuu, lianguke saa mbili asubuhi likiwa limejaa watu. Mshonaji mmoja na mwanachuo wa ualimu walikufa. Wengine kumi na mmoja walikuwa bado wamelazwa. Mlinzi wa daraja alikuwa mahabusu, na Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada lake lifike kwa mwendesha mashtaka Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Na vipande vya daraja, ambavyo ndivyo ushahidi wenyewe, vilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, nyuma ya mlango wa bati, vimefungiwa na mtu anayefiwa kila siku.

"Sajini," alisema bila kugeuka.

"Naam, afande."

"Ule mlango umefungwaje?"

Sajini, mtu mrefu asiye na haraka, alichungulia dirishani. "Kufuli moja, afande. Lakini bawaba ziko nje. Skrubu nne tu."

"Unayo bisibisi?"

"Ipo kwenye gari."

"Haya, haya," karani aliinuka upesi. "Ngojeni kwanza niangalie kwenye droo."

Ufunguo ulikuwa kwenye droo.

*

Waliingia watatu. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa miaka sabini, mhandisi mstaafu aliyewafundisha nusu ya wahandisi wa mji ule na kuwafelisha robo yao. Wote walimwita Mwalimu. Alikuja na kiti chake cha kukunja na lenzi, akakaa mbele ya rundo la zege kama mtu aliyekuja kuchambua mchele.

"Nondo ziko wapi?" Sajini aliuliza. Alikuwa akizunguka rundo, akitafuta chuma.

"Hakuna nondo. Hili ni zege la kitambaa. Badala ya chuma, ndani wametandaza wavu wa nyuzi za kioo. Ona bamba lilivyo jembamba, vidole vinne tu. La nondo lisingekuwa hivi, maana nondo lazima uifunike kwa zege nene isishike kutu."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa hakishiki kutu," Mwalimu alisema. "Hilo utaambiwa na kila mtu leo. Hesabu ni mara ngapi."

Inspekta alivaa miwani. "Daraja lilikuwa na mabamba kumi na manne sakafuni. Yaliyoanguka ni matatu ya mwisho, upande wa stesheni. Ripoti ya kwanza inasema uzito ulizidi. Mlinzi aliachia mkokoteni wa betri za malori upite. Nataka kujua kama ni kweli."

Mwalimu aliinama kulitazama rundo. Aliomba vipande viwili viletwe karibu, na Sajini akavivuta huku akiguna. Kimoja kilikuwa kimetoka upande ule wa stesheni, kwenye bamba la kumi na tatu. Kingine kilitoka kwenye bamba la kumi, ambalo mafundi walilivunja wenyewe siku ya pili kwa nyundo ili kreni ipate nafasi.

"Gusa hapa," Mwalimu alimwambia Inspekta. "Hili walilolivunja kwa nyundo."

Kingo za kipande zilikuwa na nyuzi ndefu zimetokeza, nyingi, kama ufagio uliochakaa.

"Nyuzi nzima hazikatiki kirahisi. Zinavutika, zinachomoka, zinang'ang'ania. Mafundi walipiga nyundo mpaka wakachoka, sivyo?"

"Walilalamika sana," Sajini alisema.

"Sasa gusa hili lililoanguka lenyewe."

Inspekta alipitisha kidole. Hapakuwa na nyuzi zilizotokeza. Zilikuwa zimekatika sawasawa na uso wa zege, kama biskuti iliyovunjwa vipande viwili.

"Rudia," Inspekta alisema.

"Sijasema kitu."

"Basi sema, halafu urudie."

Mwalimu alicheka kidogo. "Nyuzi hizi zimekuwa kavu kama tambi mbichi. Saruji ni kali, mwanangu. Umewahi kuona mikono ya fundi anayechanganya saruji bila glavu? Ule ukali ndio unaokula kioo. Ukiongeza maji na joto, unakula haraka. Ndiyo maana kitambaa hupakwa ngozi ya plastiki na kioo chake huwa cha aina maalumu. Hapa kuna kitu kimeachia. Ama kitambaa si kile kilichoidhinishwa, ama kile kilichoidhinishwa hakikustahili."

"Na uzito uliozidi?"

"Uzito ungevunja pale ulipokuwa. Niambie mkokoteni ulikuwa wapi."

Inspekta alifungua jalada. Ukurasa wa pili ulisema: *mkokoteni ulikuwa darajani*. Wa tatu ulisema hivyo hivyo. Wa nne ulikuwa umenakili wa tatu, pamoja na makosa yake ya tahajia.

"Darajani wapi?" alimuuliza Sajini.

"Hawakuandika, afande."

"Daraja lina mita arobaini na mbili!"

"Ndiyo, afande. Hawakuandika."

*

Mlinzi wa daraja alikuwa na miaka sitini na mitatu. Walimwita Komeo, kwa sababu kwa miaka sita ndiye aliyefungua na kufunga mageti mawili ya daraja lile. Aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa viatu visivyo na kamba, akakaa bila kuambiwa.

"Nimeshasema kila kitu," alisema. "Mara nne. Kwa watu wanne."

"Mzee Komeo, mimi nina swali moja jipya. Mkokoteni ulikuwa wapi daraja lilipoanguka?"

Mzee alimtazama, akamgeukia Sajini, halafu akamrudia Inspekta.

"Kwenye taa ya pili."

"Ya pili kutoka upande gani?"

"Wa sokoni. Yule kijana wa mkokoteni alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Nilimkataza, akapita, nikamfuata namfokea. Kama hilo ni kosa, liandikeni, nakubali. Ghafla nikasikia kishindo kule mwisho, upande wa stesheni. Sisi tulibaki tumesimama, na mkokoteni wetu."

Mwisho wa stesheni ulikuwa zaidi ya mita thelathini kutoka taa ile. Inspekta alivua miwani.

"Waliokuhoji mwanzo walikuuliza hili?"

"Waliniuliza kama mkokoteni ulikuwa darajani. Nikasema ndiyo. Wakafunga daftari."

Sajini alikohoa. Kwenye simu yake mlikuwa na picha zilizopigwa na wapita njia asubuhi ile. Alizipitisha moja moja kwa kidole, kisha akamsogezea Inspekta. Nyuma ya watu waliokuwa wakipiga kelele, mkokoteni ulionekana chini ya nguzo ya taa ya pili, umesimama kwenye sakafu isiyovunjika, na betri zake zote zimepangwa.

"Picha hii tunayo tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza, afande."

Inspekta alimrudishia simu. Kisha akamgeukia tena mzee. "Upande wa stesheni palikuwaje?"

"Palikuwa bwawa. Bomba la kutolea maji liliziba mwaka wa pili tu baada ya daraja kufunguliwa. Mvua ikinyesha, maji yanakaa wiki nzima. Vyura walikuwa wanakuja pale, mama, juu ya daraja. Nikaandika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mwenye mhuri."

"Na walijibu?"

"Mmoja alijibu. Alisema nisiwe na wasiwasi, zege hili halina chuma, halishiki kutu."

"Hiyo ni mara ya kwanza," Mwalimu alisema kutoka mlangoni, maana alikuwa amekataa kubaki garini.

*

Mkandarasi alilisema mara tatu kabla hawajaketi.

"Halishiki kutu hili zege! Ndiyo sababu tulilichagua. Mhandisi wa mji alilitaka, wabunifu walilitaka, mimi nilikuwa mtu wa nondo maisha yangu yote. Nikaambiwa, bwana, hii ndiyo teknolojia, ni jembamba, ni jepesi, halishiki kutu."

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea kupigana na mashine za kuchanganya zege. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni mbili, na hakuna hata moja iliyozunguka. Inspekta alimsubiri amalize.

"Nataka kitambaa kilichobaki."

"Ninacho. Mimi situpi kitu."

Kweli alikuwa nacho. Alitoa robo ya roli iliyofungwa kwa nailoni, pamoja na hati za kupokelea mzigo na sampuli ya mwanzo yenye mhuri wa maabara. Mwalimu alikunjua mita moja juu ya meza. Ukingoni mwa kitambaa kiwanda kilikuwa kimechapa nambari ya shehena, ndogo, kila baada ya mita. Akatoa kwenye mfuko wake kipande kidogo cha ukingo walichokichomoa asubuhi kutoka kwenye zege lililoanguka. Akaweka lenzi. Aliangalia muda mrefu mpaka Sajini akaanza kuhesabu matundu ya kontena.

"Ni hicho hicho," alisema mwishowe. "Nambari ile ile. Na ndiyo iliyo kwenye cheti cha maabara."

"Una uhakika?" Inspekta aliuliza. "Hakubadilisha?"

"Nibadilishe nini?" mkandarasi alipandisha sauti. "Mnafikiri niliiba kitambaa? Nikishonee nini, mapazia?"

"Laiti ungekuwa mwizi," Inspekta alisema, "ningekuwa nimemaliza kazi."

Sajini alifungua daftari lake. Alikuwa na karata moja aliyoihifadhi tangu Jumatatu, na sasa aliitupa mezani kwa sauti ya upole. "Bosi, mkuu wa maabara iliyotoa cheti cha kitambaa hiki ni shemeji yako. Mkeo ni dada yake."

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Ndiyo, ni shemeji yangu. Na hajanisemesha tangu siku ya harusi. Alikuja, akakaa, akakataa chakula, akaondoka. Aliniambia mimi ni mtu wa kukadiria. Yeye si mtu wa kukadiria, yeye anataka nukta na tarakimu baada ya nukta. Mkisikia nimepata upendeleo kwa yule, mnipigie simu nifurahi."

Sajini alitazama daftari, akakata mstari mrefu kwenye ukurasa mzima.

Nje, juani, Inspekta alisimama kando ya gari bila kufungua mlango. "Kitambaa ni halali. Mkandarasi ni halali. Mkokoteni ulikuwa mbali. Maji yalikuwepo, lakini daraja lolote linapata maji. Mwalimu, cheti kinasemaje kuhusu maji?"

"Kinasema kitambaa kiliwekwa ndani ya zege, zege likatumbukizwa kwenye maji ya moto, nyuzijoto sitini, kwa siku mia na ishirini. Maji ya moto yanaharakisha uzee. Kwa hesabu yao, siku hizo zote ni sawa na miaka hamsini nje. Kila baada ya muda wanatoa sampuli, wanaivuta kwenye mashine mpaka ikatike, wanaandika nguvu iliyobaki."

"Na ilibaki ngapi?"

Mwalimu alisoma. "Siku ya saba, asilimia tisini na sita nukta mbili. Siku ya thelathini, tisini na moja nukta nne. Siku ya sitini, tisini nukta nane. Tisini, tisini nukta tatu. Mia na ishirini, themanini na tisa nukta tisa."

"Rudia zile tatu za mwisho."

Alirudia.

"Zinashuka kama mtu anayeshuka ngazi," Inspekta alisema. "Hatua sawa, au karibu sawa. Zege lako limewahi kuwa na adabu hivyo?"

"Halijawahi," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutabasamu.

*

Maabara ilikuwa na harufu ya saruji mbichi na sakafu iliyopigwa deki. Mkuu wake alikuwa mwanamume mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kalamu tatu mfukoni. Mafundi wake walimwita Desimali, mbele yake na nyuma yake, na yeye alilipokea kama cheo.

"Utaratibu," alisema, "ni kuomba kwa maandishi, siku saba kabla."

"Watu wawili wamekufa," Inspekta alisema.

"Najua. Nasikitika. Utaratibu hauwahusu wao."

Inspekta alitoa hati ya upekuzi. Desimali aliisoma kuanzia juu mpaka chini, akakosoa tarehe moja iliyoandikwa vibaya, kisha akawaongoza.

"Mabaki ya sampuli za jaribio lile mnayo?" Mwalimu aliuliza.

"Tunahifadhi kila kitu miaka kumi. Hakuna aliyewahi kuomba kuyaona."

Kasha lilikuwa rafu ya juu kabisa, na vumbi lake lilikuwa halijaguswa. Sajini alilishusha. Ndani mlikuwa na vipande vya zege vyembamba, virefu kama rula, kila kimoja kimefungwa karatasi iliyoandikwa siku yake. Inspekta alivipanga mezani kwa mfuatano. Siku ya saba: vipande vitatu, vyote vimekatika katikati. Siku ya thelathini: vitatu, vyote vimekatika. Siku ya sitini: vitatu.

Vilikuwa vizima.

Alifungua karatasi ya siku ya tisini. Vizima. Ya mia na ishirini. Vizima, na kingo zake bado kali, hata alama ya kubanwa na mashine haikuwepo.

Desimali alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Nieleze," Inspekta alisema. "Hizi tisa zilivutwa mpaka zikakatika. Ndivyo ulivyoandika. Baadaye ziliungana zenyewe?"

"Huenda fundi alichanganya makasha."

"Kasha jingine liko wapi?"

"Itabidi nitafute. Nitahitaji siku—"

"Sajini, nenda masijala. Uombe jalada la mashine zote za mwaka ule. Matengenezo, maombi, kila barua."

Sajini alirudi baada ya dakika arobaini, amefuatana na karani wa masijala, mama mwenye kanga mabegani na hasira za miaka mingi. Alikuwa amekumbatia jalada lenyewe, hakutaka kumpa mtu.

"Hita ya beseni la maji ya moto," mama yule alisema kabla ya kuulizwa. "Ndiyo mnayoitafuta? Iliungua. Mimi ndiye niliyechapa barua za kuomba nyingine. Nne! Ya kwanza waliirudisha, eti haina kumbukumbu namba. Ya pili wakasema fomu imebadilika. Ya tatu ikapotea. Ya nne ilijibiwa mwaka uliofuata, wakatuletea kiyoyozi."

"Iliungua lini?" Inspekta aliuliza.

Karani alilamba kidole, akafunua. Tarehe ilikuwa pale, imepigwa mhuri. Mwalimu alihesabu kwa vidole kutoka siku jaribio lilipoanza, akahesabu tena.

"Siku ya thelathini na moja," alisema.

Desimali aliketi. Alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Mstari wa kwenye grafu ulikuwa umetulia," alisema. "Kati ya siku ya saba na ya thelathini ulikuwa umeanza kulala. Mtu yeyote mwenye akili angeona unakoelekea. Mabamba yalikuwa yanasubiri, mhandisi wa mji alikuwa anapiga simu kila asubuhi, na hita haiji. Nikaandika barua. Si mnaziona? Niliandika! Mkandarasi hakuniomba. Hakuna aliyenipa kitu. Niliuendeleza mstari kwa hesabu sahihi."

"Hesabu sahihi," Mwalimu alirudia, na sauti yake ilikuwa ile aliyoitumia kufelisha watu. "Siku thelathini za kwanza ulikuwa unapima ile ngozi ya plastiki, si kioo. Ngozi ikikinga, mstari unalala. Ngozi ikishaachia, ukali wa saruji unaingia kwenye nyuzi na mstari unaanguka. Ungejua kama ungengoja. Nilikufundisha hilo mimi, ukikaa mstari wa mbele."

"Mimi bado nasema zege lile ni zima. Bomba liliziba, hilo ni kosa la matengenezo. Pasipo na maji ya kusimama, ningepita juu yake hata leo."

Inspekta alikuwa ameacha kuandika. "Juu ya lipi? Daraja limeanguka. Limebaki lipi la kupita?"

Desimali alishika kifungo cha juu cha shati lake.

"Cheti hiki kimetumika wapi pengine?"

"Mahali pamoja tu," Desimali alisema. "Hospitali. Ile njia ya juu inayotoka wodi ya wazazi kwenda chumba cha upasuaji."

*

Garini, Inspekta alipiga simu kituoni na kuamuru Komeo aachiwe. Ofisa wa zamu alisema fomu za dhamana zimeisha.

"Siyo dhamana. Aachiwe. Hana kosa la kujibu."

"Hiyo nayo ina fomu yake, afande, na yenyewe imeisha."

"Andika kwenye karatasi yoyote! Andika kwenye kiganja chako! Sajini wangu atakuja kukipiga mhuri." Alisikiliza. "Na mpeni kamba za viatu vyake."

Dakika ishirini baadaye simu iliita. Komeo alikuwa ameshatoka getini, akiwa amewasainia kila walichomletea isipokuwa barua ya kukubali kwamba alitendewa vizuri.

Hospitali ilikuwa na ghorofa mbili, majengo mawili, na njia moja ya juu iliyoyaunganisha. Chini yake kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi walikaa ndugu wa wagonjwa, wake kwa waume, na mifuko yao. Katibu wa hospitali aliwapokea ngazini, kitambulisho kifuani.

"Kufunga? Haiwezekani kufunga bila barua. Hiyo ndiyo njia ya akina mama wanaokwenda kupasuliwa. Lifti ya nyuma ni mbovu nusu ya wakati. Kikao ni Jumanne."

"Sitaki kikao. Nataka watu watoke juu na chini ya ile njia sasa hivi."

"Kwa ushahidi gani? Inspekta, nipe karatasi. Nikifunga leo bila karatasi, kesho nitaulizwa mimi."

"Nitakuandikia."

"Yenye mhuri wa ofisi ya mhandisi."

"Ofisi ya mhandisi imefungwa saa tisa!"

"Basi kesho."

"Hakuna haja ya haya yote," Desimali alisema. Alikuwa amekuja nao garini, katikati ya Sajini na Mwalimu. Sasa alinyoosha shati lake. "Njia hii imeezekwa, hainyeshewi. Nitavuka mwenyewe, muone. Halafu mfanye utaratibu kama watu."

"Usithubutu," Mwalimu alisema.

Lakini alikuwa ameshapanda. Inspekta alimfuata, Sajini nyuma yake, na katibu akiwafuata akilalamika. Walimkuta amefika mwanzo wa njia ya juu, kwenye kizingiti, ambapo sakafu ya vigae vya wodi iliishia na zege kuanza. Hakuwa amevuka.

Juu ya ukuta wa chumba cha upasuaji walikuwa wamefunga viyoyozi vinne. Mirija yake haikufikishwa kwenye bomba. Ilikuwa inadondosha maji kwenye sakafu ya njia, tone kwa tone, mchana na usiku, pengine tangu siku vilipofungwa. Palikuwa pamelowa kutoka ukuta mpaka ukuta. Katikati ya unyevu ule ulipita mstari mwembamba mweupe, ulionyooka, wa unga wa chokaa uliotoka ndani ya zege. Ulikata bamba zima kwa upana wake.

Desimali aliutazama. Aliinua mguu wa kulia, akaushikilia hewani kidogo juu ya bamba la kwanza, akaurudisha kwenye vigae.

Nyuma yao mlango wa wodi ulisukumwa. Wauguzi wawili walikuwa wanakuja na kitanda cha magurudumu, mwendo wa haraka, na juu yake mama mjamzito aliyekuwa ameuma shuka. "Samahani, wazee, tupisheni! Njia, njia!"

Inspekta alijibana ukutani na kufungua mdomo kuwazuia. Desimali alimtangulia. Alijigeuza akasimama katikati ya kizingiti, mikono yake miwili imenyooshwa, kiganja kimoja kwenye kila mhimili wa mlango.

"Msipite hapa."

"Baba, huyu anaenda kupasuliwa! Tupishe!"

"Msipite. Rudini, mshushe kwa lifti. Lifti ikiwa mbovu, abebwe."

"Kwani wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyesaini," alisema. "Nilisaini bila kupima. Haipitiki. Rudini."

Muuguzi wa mbele alimtazama katibu. Katibu alitazama mstari mweupe, na mtu yule aliyeahidi kuvuka, na miguu yake iliyokuwa imegota kwenye kigae cha mwisho.

"Rudini," katibu alisema. "Lifti. Haraka. Na hao walio chini, waondolewe kwenye mabenchi. Wote."

Kitanda kiligeuzwa. Inspekta alishika upande mmoja, akasukuma pamoja nao kwenye korido ndefu mpaka kwenye lifti, na lifti, angalau siku ile, ilifunguka. Aliporudi, Sajini alikuwa ameshafunga utepe wa polisi kutoka nguzo hii mpaka ile, na chini watu walikuwa wanahama na mifuko yao, wakinung'unika, wengine wakitaka kuelezwa tena na tena.

Desimali alikuwa bado amesimama kizingitini, mikono imenyooshwa vile vile, ingawa hapakuwa na mtu wa kumzuia. Sajini aliushika mkono mmoja, akaushusha. Kisha akaushusha na wa pili.